Njia ya Baba, Njia ya Mwalimu

Wazazi wangu, walimu wenzangu, wakubwa shikamooni. Sogeeni mbele kidogo, maana upepo huu wa Kibaigwa unameza sauti na kipaza sauti chenyewe tumekiazima.

Nimeombwa nizungumzie hisabati. Nitaanza na kosa langu. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika kijiji kimoja wilayani Kongwa. Nikaandika ubaoni: 52 toa 27. Wiki ile tulikuwa tumekazana na kukopa: 2 toa 7 haitoshi, kopa kumi kwa jirani. Kijana mmoja akaandika 25, basi. Hakuna njia. Nikamkosesha. Nilipomuuliza kaitoa wapi akasema, “Baba alinionyesha. Kutoka 27 kwenda 30 ni 3, kwenda 50 ni 20, kwenda 52 ni 2.”

Baba yake alikuwa anauza mahindi sokoni. Hivyo ndivyo alivyorudisha chenji, na wengi wenu hapa ndivyo mnavyorudisha. Njia ni sahihi kabisa. Mimi nikajibu mbele ya darasa zima: “Basi mwambie baba yako aje akufundishe yeye.” Watoto wakaangua kicheko.

Tangu siku ile hakumuuliza baba yake hesabu. Na mimi hakuniuliza. Mtoto hawezi kumwacha baba wala kumwacha mwalimu. Tukimvuta huku na huku, anachoweza kukiacha ni hesabu.

Kama ningemwita ubaoni aeleze, darasa lingepata njia mbili na baba yule angekuwa na jambo la kuja kusema shuleni. Wangapi kati yenu mmewahi kuitwa shule kwa habari njema? (Naona mnacheka.) Tunawaita kwa utoro, kwa dirisha lililovunjwa, kwa michango. Barua ya shule ikifika nyumbani, mtoto anajificha.

Sasa upande wenu. Mama anamwambia binti, “Hesabu si za ukoo wetu, hata mimi zilinishinda.” Anasema kwa huruma, lakini ameshamfungia mlango. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti juu ya watoto wa darasa la kwanza na la pili. Wazazi wenye hofu ya hisabati waliposaidia kazi za nyumbani mara kwa mara, watoto wao walijifunza hisabati kidogo kuliko wenzao mwaka ule, na watoto hao nao wakawa na hofu zaidi ya hisabati. Wenye hofu ileile ambao hawakusaidia sana, tofauti hiyo haikuonekana.

Msiondoke mkasema mwalimu kakataza kusaidia. Mama huyohuyo anayeziogopa hesabu za daftari anajua debe ngapi zitafika mpaka mavuno. Apime na mtoto, wahesabu pamoja, kwa Kigogo kama ndicho wanachozungumza nyumbani. Namba hazina kabila.

Leo sitasoma nafasi za watoto. Walimu wana madaftari pale chini ya mti. Kila mzazi akae na mwalimu, mtoto katikati; mtoto achague hesabu moja aliyoipata na moja aliyoikosa, aeleze alivyofikiri. Mwalimu asimkatize. Mzazi naye asiseme “lakini mbona fulani kapata”. Tuanze na darasa la tatu. Wengine chai iko tayari kule jikoni.