Mishipa Mipya Pembezoni mwa Kiharusi

Ndugu zangu wauguzi, wanafunzi wa tiba, na ninyi mnaowauguza wazazi wenu majumbani hapa Mwanza, kiharusi mnakijua, sitakieleza upya. Nitaanzia pale ambapo familia nyingi hukata tamaa: mgonjwa ameruhusiwa kutoka wodini, mkono umelegea, anarudishwa Igoma au anavushwa kwenda Ukerewe, analazwa chumba cha nyuma, na watu wanasema, "Tumwachie Mungu." Kumwombea ni wajibu wetu, kumwacha alale tu katika majuma ambayo ubongo wake unajenga ndilo jambo ninalolipinga kila nipewapo nafasi ya kusema.

Mshipa wa damu ubongoni ukiziba, sehemu ya katikati ya eneo lililokosa damu hufa upesi na hairudi, na hilo tuwaambie ndugu wa mgonjwa bila kuficha. Lakini kuizunguka kuna ukanda unaopata damu haba, ambao haujafa ingawa haufanyi kazi. Seli zake zikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, nayo huziamsha seli za ukuta wa ndani wa kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, za jirani. Seli moja hutangulia, ikanyoosha vidole vyembamba kuelekea protini inakozidi. Nyingine hugawanyika nyuma yake na kulirefusha chipukizi, mpaka likutane na jingine, tundu lifunguke, damu ipite. Kwa wanyama wa maabara kazi hii huanza mapema, ndani ya siku chache za mwanzo. Kwa binadamu, Krupinski na wenzake walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa ubongo wa watu waliofariki baada ya kiharusi: upande ulioathirika ulikuwa na kapilari nyingi zaidi, na waliokuwa nazo kwa wingi ndio walioishi muda mrefu zaidi.

Mtaniuliza, kama ninavyoulizwa kila mara, kwa nini basi tusimdunge mgonjwa hiyo VEGF. Kwa sababu kapilari changa huvuja. Panya waliopewa protini hiyo mapema mno, saa moja tu baada ya mshipa kuziba, walivuja damu ubongoni, ilhali waliopewa baada ya saa 48 walipata nafuu. Mshipa mpya unahitaji muda ili seli ziitwazo perisaiti ziuzingire na kuukaza.

Wala msiniambie kwamba basi mgonjwa atembezwe kwa nguvu siku ileile. Jaribio kubwa la mwaka 2015, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, lilionyesha kuwa kumwamsha mapema mno na kwa mazoezi mengi kulipunguza matokeo mema. Ninachodai ni mazoezi mafupi, ya kila siku, yanayoongezwa kwa maelekezo ya mtaalamu, kwa kuwa kwa panya mazoezi huongeza VEGF na kapilari. Mvuvi wa Kirumba aliyelegea mkono apewe uzi na sindano ya kushonea nyavu, ashike, aachie, ashike tena, hata kama fundo moja litamchukua asubuhi nzima.

Presha na sukari zingehitaji mhadhara wake, kwani zote mbili huharibu mishipa hiihii midogo. Dawa zake zisikatishwe. Na mdomo ukienda upande, ambayo ni dalili ya kiharusi, aliye kisiwani asilale akingoja kuona kama utanyooka kufikia asubuhi, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4.5, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo, kuthibitisha kuwa hakuna damu iliyovuja ubongoni.