Msiizibe kompaila mdomo

Nimelisema hili madarasani hapa Nairobi mpaka koo limekauka, na leo nalirudia: kompaila, ile programu inayogeuza msimbo wako wa lugha ya C kuwa programu ya mashine, ikikukatalia kuachilia kumbukumbu, usikimbilie kuiziba mdomo.

Ile fankisheni ya kuachilia mnaijua, kila mtu hujiandikia yake. Inapokea void **, yaani anwani ya pointa (na pointa ni kigezo kinachoshika anwani ya kumbukumbu), inaita free ya kuirudisha kumbukumbu hiyo, halafu inaweka NULL, anwani tupu, ili kuachilia mara ya pili kusidhuru. Nia ni njema. Sasa unaipa anwani ya char * yako, pointa ya herufi, na kompaila ya GCC 14 inagoma. Matoleo ya zamani yalinung'unika tu. Tangu 2024 ni kosa, programu haijengeki. Basi kijana anatanguliza (void **) kuilazimisha kompaila ikubali, kelele zinakwisha, anakwenda zake kunywa chai.

Sikilizeni yaliyotupata. Tulikuwa na programu ya vituo vya matatu. Mwenzangu mmoja akasahau alama ya &, inayotoa anwani ya kitu. Badala ya kupitisha anwani ya pointa, akapitisha jina la kituo lenyewe. Kompaila ingemshika palepale, lakini ile (void **) ilikuwa imeshaifumba macho. Kituo chenyewe ni Githurai. Hesabuni herufi. Nane! Na pointa kwenye mashine ya biti 64 ni baiti nane. Programu ikazisoma G-i-t-h-u-r-a-i kana kwamba ni anwani ya kumbukumbu, ikaikabidhi free, ikaanguka. Siku mbili nzima tulisaka kosa ambalo kompaila ilikuwa tayari kutuonyesha bure.

Mtaniuliza: mwalimu, si void * hupokea pointa yoyote ya data? Hupokea, ikiwa na nyota moja. Nyota mbili ni habari nyingine: hapo inatakiwa anwani ya void * halisi, na char * yako siyo. Pointa ya int, kwa kanuni za C, hailazimiki hata kuwa na umbo moja na void *.

Andika free(jina); kisha jina = NULL; basi. Ukichoka kurudia, tumia makro, kifupisho kinachobandika msimbo papo hapo kabla ya kujenga, maana hiyo huigusa pointa yako yenyewe. Na asiniambie mtu kwamba makro ni chafu, baada ya Githurai!

Kuhusu const, neno linalokataza data kubadilishwa kupitia pointa, muda umetutupa mkono. Free haitaki const. Kwenye C++ kuipa pointa ya const ni kosa kabisa. Kfree, fankisheni ya kuachilia ya kerneli (kiini) ya Linux, inaikubali. Nyinyi, mwenye kumbukumbu ashike pointa isiyo na const, msomaji apewe yenye const. Wewe wa nyuma uliyeinua mkono, uliza.