Jinsi ya Kupiga Picha ya Upinde wa Mvua na Kuihariri Bila Kuiharibu

Watazamaji wapendwa, karibuni. Nimesimama pembezoni mwa mji wa Moshi. Mvua ya masika imesogea mashariki, na jua la alasiri liko mgongoni kwangu. Mkao huu ndio hatua ya kwanza, kwa sababu upinde wa mvua hujichora kukizunguka kivuli cha kichwa cha anayeutazama, kwa pembe ya takribani nyuzi 42. Tazama kivuli chako kinaelekea wapi, kisha inua macho upande huohuo.

Pembe hiyo ndiyo pia inayotupangia saa. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42, upinde wa mvua huwa chini ya upeo wa macho kwa mtu aliyesimama tambarare, na huku kwetu karibu na ikweta hali hiyo hudumu kuanzia takribani saa 3 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Kwa hiyo usihangaike na mvua ya saa 7 mchana.

Sasa chagua lenzi. Jua linapokaribia kuzama, upinde mzima hufikia upana wa nyuzi 84, na kwa kamera ya sensa kubwa (kipokea nuru cha milimita 36 kwa 24) unahitaji lenzi ya milimita 20 au pana zaidi. Kwenye simu, tumia lenzi iliyoandikwa 0.5. Binafsi napendelea kuchukua mguu mmoja tu wa upinde, unaposhukia kwenye migomba au kilima chenye kivuli, kwa kuwa rangi huonekana vizuri zaidi mbele ya kitu cheusi kuliko mbele ya wingu jeupe.

Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi nuru) 100, tundu la lenzi f/8, na kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu nuru kuingia, isiyopungua 1/125 ya sekunde. Punguza mwangaza kidogo ili rangi zisififie, lenga fokasi kwenye mti wa mbali, na uhifadhi picha katika umbo la RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kwa simu, gusa mti huo kwenye skrini kisha ushushe mwangaza. Piga picha ya kwanza upesi kabla ya kupanga mengine, maana upinde unaweza kutoweka ndani ya dakika chache.

Ukiwa na filta ya polaraiza, yaani kioo cha mbele ya lenzi kinachopitisha nuru inayotikisika upande mmoja, izungushe polepole huku ukitazama. Nuru ya upinde imepolaraizika kwa nguvu, yaani sehemu yake kubwa hutikisika upande mmoja, hivyo filta hiyohiyo inayoukoleza huweza pia kuufuta kabisa. Niliwahi kurudi nyumbani na picha kadhaa za anga tupu kwa sababu niliifunga filta bila kuizungusha, na tangu siku hiyo huikagua kabla ya kila picha.

Tuingie kwenye uhariri, kwa programu ya Lightroom au Snapseed. Anza na uwiano wa rangi nyeupe: uweke kwenye mwanga wa mchana, karibu 5500 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Shusha kidogo sehemu zinazong'aa, kisha chukua brashi upake juu ya upinde peke yake, uongeze utofautishaji na kuondoa ukungu kwa kiasi. Ukolezo wa rangi uwe wa mwisho na uwe mdogo. Ukizidisha, rangi zinazopaswa kuyeyukiana zitakatika na kuwa mistari.

Kuza picha uikague. Nyekundu iwe nje na zambarau ndani. Kwenye upinde wa pili, ukiwapo, mpangilio hugeuka. Anga iliyo ndani ya upinde hung'aa kuliko ya nje, na kati ya pinde mbili kuna ukanda mweusi unaoitwa ukanda wa Alexander, kwa jina la mwanafalsafa Alexander wa Aphrodisias aliyeueleza zamani. Tofauti hiyo ni ya kweli, nami nawasihi msiisawazishe kwa kudhani kuwa ni kasoro ya kamera.

Mwisho, hifadhi nakala ya JPEG yenye ubora wa juu kwa ajili ya kutuma, na ile ya RAW ibaki kama ilivyo.