Stanley Dancer, aliyefundisha farasi na kuendesha mwenyewe

Jamani karibuni, sogeeni huku mbele viti bado vipo. Leo naongelea Stanley Dancer, mtoto wa mkulima wa New Jersey kule Marekani, kazaliwa 1927 kafariki 2005, na kwangu mimi huyu ndo dereva hasa wa mbio za farasi wa vigari.

Kwa wasiozijua, hapa farasi hapandwi mgongoni, anavuta kigari chepesi cha magurudumu mawili dereva kakaa nyuma, na ni marufuku kwenda shoti. Kuna wanaotupa miguu kwa mshazari, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto pamoja, na kuna wanaotupa miguu ya upande mmoja kama ngamia. Akichanganya akaanza shoti tu, dereva lazima amzuie mpaka arudi kwenye mwendo wake, na wenzake hao wanampita. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye hatamu.

Sasa siku hizi madereva wengi wanapewa farasi wasiowafundisha, anashuka kwa huyu anaingia kwa yule, jioni moja mbio kibao. Siwalaumu, ndo kazi ilivyo. Ila Dancer alikuwa anamjua farasi wake tangu zizini. Chukua Nevele Pride, farasi mkorofi kwelikweli, anauma, anapiga mateke, lakini 1968 Dancer kachukua naye Triple Crown, yaani zile mbio tatu kubwa za wa mshazari, na mwaka uliofuata wakavunja rekodi ya maili moja iliyodumu tangu 1938! Akarudia 1970 na Most Happy Fella kwa wale wa mwendo wa ngamia, na 1972 kwa wa mshazari tena na farasi aitwaye Super Bowl.

Ila mimi nampenda zaidi Cardigan Bay. Huyu katokea New Zealand, alipata ajali Perth kule Australia nyonga moja ikashuka, ukimtazama kwa nyuma unaona kabisa haziko sawa. Dancer kamleta Marekani 1964, farasi ana miaka 8 tayari, na 1966 pale uwanja wa Yonkers, New York, akampiga farasi Bret Hanover aliyekuwa kijana na bingwa wa wakati ule. Septemba 1968, uwanja wa Freehold, miaka 12 huyo, akawa farasi wa kwanza wa mchezo huu kufikisha dola milioni moja za zawadi. Kumtunza farasi mwenye nyonga ile miaka yote hiyo bila kumvunja, jamani, hiyo ni kazi ya mikono inayojua.

Cardigan Bay alikuwa kahasiwa, hakuacha mtoto. Kwa uzao tazameni Albatross, Dancer ndo alikuwa anamwendesha, kashinda mara 59 kati ya 71 halafu akapelekwa kuzalisha Hanover Shoe Farms, Pennsylvania, na mwanawe Niatross akashinda 37 kati ya 39, na 1980 akawa wa kwanza kumaliza maili chini ya dakika 1 na sekunde 50. Na huyo Niatross aliyemfundisha ndo huyohuyo aliyemwendesha, Clint Galbraith.