Mbavuni mwa Farasi: Kazi ya Mwili wa Anayeshika Kamba

(Mhadhara kwa masaisi, yaani watunza farasi, wamiliki wa farasi na wanafunzi wa sayansi ya mazoezi, Nairobi)

Habari za asubuhi. Wazee wangu, akina mama, na ninyi masaisi mliojibana safu za nyuma kana kwamba huku mbele kuna mtu anayeuma: sogeeni. Mada ya leo ni yenu.

Nianze na hesabu ndogo. Farasi wa maonyesho ya kuongozwa kwa mkono, yaani yale yasiyo na mpanda wala tandiko, huongozwa mtu akiwa upande wake wa kushoto, usawa wa bega. Jaji husimama katikati ya uwanja. Ili jaji amwone farasi pasipo mtu kumkinga, msururu huzunguka kwa kufuata mkono wa saa: farasi ndani, mtu nje. Sasa tuseme mtu yuko mita moja nje ya njia ya farasi. Kila mzunguko mmoja mtu atakuwa amekimbia mita 6.28 zaidi ya farasi wake. Uwe uwanja mdogo kama ua wa nyumba au mkubwa kama wa mpira, ziada ni ileile. Wanafunzi mtaona upesi kwa nini: ni mara mbili ya pai, kuzidisha kwa mita moja. Na mwisho wa mstari, pale unapogeuka kumrudia jaji, desturi ni kumsukuma farasi ageuke kulia, kukukimbia wewe, asije akakukanyaga na asipoteze mizani ya miguu ya nyuma. Hapo tena wewe ndiye unayezunguka kwa nje. Kwa hiyo mwenye miguu miwili anakimbia zaidi ya mwenye minne, na anatakiwa afike naye sambamba, amevaa tai, uso mkavu. (Kicheko.)

Watu wengi wakitazama maonyesho haya humwona mwongozaji kama mtu aliyepewa kamba ashike tu. Mimi nasema ni mwanamichezo, tena katika mchezo wenye masharti mabaya. Na ndiye anayeamua ni kiasi gani cha farasi jaji ataruhusiwa kukiona.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni wa Wales, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo jambo hili huonekana wazi kama kule. Kila mwaka mwezi wa Julai hufanyika maonyesho ya Royal Welsh huko Llanelwedd, karibu na mji wa Builth Wells, ambako yamekuwa na uwanja wa kudumu tangu 1963. Humo kuna siku ya kobu. Kobu wa Wales ni farasi mnene, mwenye kifua na shingo, anayezidi sentimita 137.2 kwenye kilele cha mabega, na juu ya hapo hakuna kikomo. Walizaliwa kwa kazi za shamba na barabara, na kabla ya magari thamani ya kobu ilikuwa katika mwendo wake. Mpaka leo kinachotazamwa kwanza ni mwendo. Wanawania Kombe la George Prince of Wales, lililoanzishwa mwaka 1908, na jukwaa likijaa, watu hupiga makofi na kelele kila kobu akiachiwa kuonyesha mwendo wake. Farasi husikia. Hujivuna, hupandisha shingo, huongeza kasi. Na pembeni yake yuko binadamu mmoja, mdomo wazi, anatafuta hewa.

Mwendo wenyewe ni telki, ule ambao mguu wa mbele kulia hunyanyuka pamoja na wa nyuma kushoto, kisha jozi nyingine, na katikati kuna kitambo kifupi ambapo miguu yote minne iko hewani. Kwa kobu jaji anataka goti likunjwe, mkono wote wa mbele urushwe kutoka begani uende mbali kadiri uwezavyo, na miguu ya nyuma iingie chini ya tumbo isukume kwa nguvu. Haya hayaonekani katika telki ya uvivu. Yanataka kasi na yanataka nafasi.

Sasa kasi hiyo atoe nani? Telki ya kawaida hukadiriwa kilomita 13 hivi kwa saa. Hiyo kijana mzima ataikimbia bila kulalamika. Lakini telki haiishii hapo. Farasi wa Marekani wanaoshindana wakivuta kigari chepesi huzidi kilomita 48 kwa saa kwa mwendo huohuo, bila kuingia shoti, yaani mbio kamili za farasi. Usain Bolt, siku ile ya Berlin mwaka 2009 alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, wastani wake ulikuwa kilomita 37.6 kwa saa. Kobu si farasi wa mbio za vigari, sitaki mtu akanukuu vibaya. Nasema tu kwamba kwenye kamba moja, kikomo huwa upande wa mtu. Farasi mzuri akishikwa na mtu mzito hujifunza kukunja hatua zake zilingane na za mtu huyo. Jaji anaona farasi mwenye hatua fupi, anaandika hatua fupi. Alichokiona ni pumzi ya mwenye kamba.

Hapa Mkenya atasema: mbio? Tuleteeni vijana wa Iten, mji wetu wa wakimbiaji, kazi imekwisha. Polepole. Hizi si mbio za Iten. Ni mkurupuko wa sekunde kumi mpaka thelathini, kisha kusimama, kisha mkurupuko mwingine. Sekunde za mwanzo misuli hutumia akiba yake ya fosfokreatini, kemikali inayotoa nishati ya papo hapo. Akiba hiyo ikishuka, kazi kubwa huchukuliwa na uvunjaji wa sukari usiongoja oksijeni, na hapo ndipo mapaja huanza kuwaka moto. Akiba hurudi, lakini inataka dakika chache za kupumzika, na jaji hajali dakika zako. Akikwambia rudia, unarudia. Mwinuko wetu wa Nairobi, karibu mita 1,800, hauzuii sana mkurupuko wa kwanza. Unachelewesha kupona kabla ya wa pili.

Ongeza mikono. Mkimbiaji yeyote hukimbia na mikono yake: inapunga kusawazisha mzunguko wa nyonga. Watafiti Arellano na Kram wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha mwaka 2014 vipimo vya watu waliokimbia wakiwa wamezuiwa kupunga mikono. Waliofunga mikono nyuma ya mgongo walitumia nishati zaidi kwa asilimia 3, waliokunja kifuani asilimia 9, waliobandika kichwani asilimia 13. Mwongozaji mkono wa kulia uko kwenye kamba karibu na kidevu cha farasi, wa kushoto umebeba kamba iliyobaki na fimbo. Hawezi kupunga. Juu ya hayo kuna kiumbe cha kilo 400 au 500 kinachomvuta upande mmoja. Jaribuni nyumbani kukimbia mmeshika dumu la maji lililojaa kwa mkono mmoja, mgongo wima, mkitazama mbele, mtanielewa.

Na kweli lazima utazame mbele. Kosa ninaloliona sana ni mtu kukimbia huku kageuza shingo kumwangalia farasi. Bega linajikunja, hatua zinakatika, farasi naye anavutwa kichwa kuelekea kwako, mwili wake unapinda, miguu ya nyuma haifuati ya mbele. Jaji aliyesimama mbele yenu anaona farasi anayekuja kiupande. Anza pamoja naye, usimvute. Ukitangulia na kumburuta, ananyoosha shingo na kuburura kwato. Ukichelewa, anakupita na wewe unakuwa breki. Hatua zako ziwe ndefu na zenye utulivu. Wale wenye vihatua vya haraka haraka humpa farasi wasiwasi na kumharibia mdundo.

Lakini kama ni kuumia, mbio zenyewe si mahali pabaya kuliko pote. Pabaya ni kungoja. Darasa la maonyesho laweza kuwa na farasi wengi. Umezunguka kwa mwendo wa kutembea, umepangwa mstari, umesimama. Mvua ya Julai ya Wales inakunyeshea, au jua la uwanja wa maonyesho wa Jamhuri hapa Nairobi linakuchoma, viatu vimelowa. Jaji anapitia mmoja mmoja. Misuli imepoa kabisa. Kisha unaitwa, na mtu aliyesimama muda wote huo anatakiwa afyatuke kwa kasi yake yote kwenye nyasi zinazoteleza. Misuli ya nyuma ya paja huchanika zaidi pale mguu unapotupwa mbele karibu kugusa ardhi, na hatua ndefu ninayoisifia hapa ndiyo inayouweka mguu katika hali hiyo. Kano ya kisigino nayo hukatika sana kwa watu wa makamo wanaojituma ghafla. Sasa tazama wenye farasi ni watu wa umri gani. Sitataja mtu, waliovaa kofia za Panama wanajijua. (Kicheko.)

Kwa hiyo ndani ya mstari usisimame kama mlingoti. Mtu wa tatu kabla yako akiitwa, anza kupanda na kushuka kwa vidole vya miguu, kunja goti moja kisha jingine, tembeza farasi duara dogo kama nafasi ipo. Hakuna jaji atakayekuadhibu kwa hilo, na farasi naye atakuwa ameamka.

Kusimama nako kuna kazi yake. Farasi wa Kiarabu ndio mfano. Katika kanuni za ECAHO, shirikisho la Ulaya la mashirika ya farasi hao, majaji hutoa alama hadi 20 kwa kila kipengele: sura ya asili ya aina yake, kichwa na shingo, mwili na mgongo, miguu, na mwendo. Kimoja kati ya vitano ni mwendo, maana yake sehemu ya tano ya alama inapitia kwenye mapafu ya mwongozaji. Nyingine hutolewa farasi akiwa amesimama, na hapo mwongozaji husimama mbele yake, magoti yamekunjwa kidogo, mkono umeinuliwa, akimshawishi anyooshe shingo na atulie. Mkono ulioinuliwa bila kusogea huchosha bega kuliko unavyodhani, maana misuli iliyokazwa mfululizo hupata damu kidogo. Ukianza kutetemeka, kamba inatetemeka, farasi anasogea. Ndugu zetu walioko Oman na nchi jirani za Ghuba wanayajua haya vizuri, na kule maonyesho makubwa hufanyika zaidi miezi ya baridi, kwa sababu zinazoeleweka.

Mazoezi basi. Sitawapa ratiba, kila mtu ana mwili wake. Kimbia mita 40 hadi 60 kwa nguvu, pumzika mpaka pumzi irudi, rudia mara chache. Siku nyingine mlimani. Fanya nusu ya hizo mkono wa kulia ukiwa umeshika kamba na mwenzako akiivuta kiasi upande wa kulia. Beba mzigo kwa mkono mmoja utembee bila kuinama. Imarisha misuli ya nyuma ya paja kwa zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele polepole, mtu amekushika vifundo vya miguu. Na tafadhali, mazoezi mengi ufanye bila farasi. Farasi mchanga anayekimbizwa kila siku kwenye duara dogo anaweza kuharibikiwa viungo kabla hajafika kwenye maonyesho.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali. Farasi aliyesimama hubeba karibu asilimia 60 ya uzito kwa miguu ya mbele. Wa kilo 450, kila kwato ya mbele ina kilo kama 135. Viatu vya mpira vyepesi vinakusaidia kukimbia, havikusaidii kwa hilo, basi jifunze kuweka miguu yako mahali pake. Vaa glavu. Kamba ya ziada ikunjwe mikunjo inayolala kiganjani, kamwe isizungushwe mkononi. Kitanzi kikikaza, farasi akiruka, kinachokatika si kamba.

Maswali. Naam, mama pale.

— Mwalimu, mimi ni saisi. Bosi wangu ana miaka zaidi ya sitini na anataka kumkimbiza farasi mwenyewe, kwa sababu ni wake. Nimwambieje?

Mwambie kwa heshima kwamba katika madarasa haya anayehukumiwa ni farasi, na hata Wales wafugaji wazee, waliozalisha farasi hao na babu zao, huwapa vijana kamba siku ya uwanja. Jina la mmiliki linabaki pale pale kwenye orodha. Akikataa, mwombe akapimwe moyo kwanza, kisha mwanzishe naye mazoezi miezi kadhaa kabla. Na wewe mwenyewe jiandae, pengine atakupa kamba asubuhi ya siku yenyewe.

Kijana wa mwisho.

— Nikianguka, niishikilie kamba?

Achia. Mtu anayeburutwa yuko karibu na miguu ya nyuma, na farasi mwenyewe anaogopa kitu kinachoburuzika kando yake, anazidi kukimbia. Ukishaachia usimfukuze. Atakwenda kwa wenzake au langoni, kwa hiyo aliye karibu na lango alifunge kwanza, wengine wasimame na farasi wao, na mtu mmoja tu anayemfahamu amwendee kwa kutembea, kwa upande wa bega.