Jinsi ya kukagua kadi kongwe ya besiboli na kujua kwa nini inapanda bei

Karibuni watazamaji. Leo tunakagua kadi kongwe ya besiboli ya Marekani, yaani kadi ndogo yenye picha ya mchezaji, tuone kwa nini moja inafika mamilioni ya dola na nyingine ya miaka mingi haifiki hata bei ya soda. Andaa rula ya milimita, kioo cha kukuzia mara 10, taa nyeupe na ile tochi ya kukagulia noti bandia. Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe vizuri. Mafuta ya vidole yakishaingia kwenye karatasi hayatoki.

Hatua ya kwanza, tambua mwaka, kampuni na namba. Geuza kadi. Seti ya mwaka 1952 ya kampuni ya Topps ina kadi 407. Kuanzia namba 311 kwenda juu zilitoka msimu ukielekea ukingoni, zikadoda madukani. Sy Berger, mmoja wa walioibuni seti hiyo, alisimulia kuwa mwaka 1960 makasha ya mabaki yalipakiwa chomboni na kumwagwa baharini, Atlantiki. Namba 311 ni ya mchezaji Mickey Mantle, na sasa unaelewa kwa nini inasakwa hivyo. Halafu angalia jambo hili: kadi yake ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman, mwaka 1951. Ni kongwe zaidi, lakini ya Topps ndiyo ghali. Kwa hiyo usinunue kadi kwa umri wake tu. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilichapwa kwa wingi kupindukia na walionunua walizitunza, ndiyo maana nyingi hazina soko mpaka leo.

Hatua ya pili, pima. Topps ya 1952 ina takribani milimita 67 kwa 95. Kuanzia 1957 kampuni hiyo ilihamia saizi ya sasa, kama 64 kwa 89. Ukiletewa "Mantle ya 1952" yenye 64 kwa 89, hiyo ni nakala iliyochapwa baadaye. Na ikipungua milimita moja tu upande mmoja, shuku kuwa imekatwa ili kona zilizochakaa zionekane kali. Ilaze juu ya kadi nyingine ya seti hiyohiyo, uangalie ukingo kwa upande: uliokatwa upya huwa mweupe na laini kuliko mingine mitatu. Hata kadi maarufu zimekatwa. Kadi moja ya mchezaji Honus Wagner kutoka T206, seti ya kadi za tumbaku zilizotiwa kwenye pakiti za sigara, ilikuwa imepewa na kampuni ya ukaguzi daraja la 8 kati ya 10, kisha mwaka 2013 mfanyabiashara aliyewahi kuiuza akakiri mahakamani kuwa aliikata kingo.

Hatua ya tatu, kioo. Sogeza karibu hapa kwenye jina la mchezaji. Picha imejengwa kwa vitone vya rangi, sawa, lakini herufi nyeusi ziwe zimejaa wino. Herufi zikivunjika nazo kuwa vitone, mara nyingi ni nakala ya picha. Sasa zima taa, washa tochi. Kadi ya tumbaku ya mwaka 1910 haitakiwi kuwaka buluu. Mwanga huo hutoka kwenye kemikali za kung'arisha karatasi, ambazo enzi hizo hazikuwepo.

Hatua ya nne, hali. Pima pambizo za kushoto na kulia. Milimita 2 kwa 3 ni uwiano wa 40 kwa 60. Daraja la 10 linadai ukaribie 45 kwa 55. Kisha inamishe kadi chini ya taa. Mkunjo usioonekana ukiitazama wima utatoka kama mstari wa nywele, na huo pekee unaishusha madaraja kadhaa. Usifute doa kwa raba, utaondoa mng'ao wa uso na mkaguzi ataona.

Hatua ya tano, bei. Tazama mauzo yaliyokamilika ya daraja lilelile, achana na bei wanazotangaza wauzaji. Mantle ya 1952 iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022 ilikuwa daraja la 9.5 kutoka kampuni ya ukaguzi ya SGC. Mwenye kadi aliinunua dola 50,000 mwaka 1991. Hiyo ni mara 252, wastani wa asilimia 19.5 kwa mwaka kabla ya gharama, na kamisheni ya mnada imo ndani ya milioni hizo. Kadi ya namba hiyohiyo iliyochakaa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola tu.

Ukimaliza, itie kwanza kwenye mfuko laini wa plastiki, ndipo uiingize kwenye kava gumu. Kuiingiza bila mfuko kunakwaruza kona. Usiifunge kwa rababendi wala kuiweka kwenye albamu za plastiki ya aina ya PVC, na iepushe na jua na unyevu.