Nani anavunja rangi majini? Jaribio la vinasa radikali, hatua kwa hatua

Karibuni maabara. Mezani kuna bika nne za maji ya bluu, na leo tunauliza swali moja tu: mwanga ukipiga unga wa titani dioksidi, rangi inavunjwa na nani hasa?

Watuhumiwa ni watatu. Mwanga ukishang'oa elektroni kwenye unga, nyuma yake hubaki tundu chanya. Tundu hilo laweza kuishambulia rangi lenyewe, au likayageuza maji kuwa radikali ya haidroksili (radikali ni chembe yenye elektroni isiyo na mwenza, ndiyo maana hushambulia upesi). Elektroni nayo huidaka oksijeni, ikazaliwa superoksidi. Kinasa ni kemikali inayomkamata mmoja wao kabla hajaifikia rangi. Sisi tunatazama kasi ya rangi kuvunjika imeshuka kiasi gani.

Vaa glavu na miwani inayozuia urujuanimno. Benzokwinoni inawasha macho na kifua, ipimie kwenye kabati la kuvuta hewa.

Kila bika tia mililita 100 za maji yenye methilini bluu, ndiyo rangi yetu, miligramu 10 kwa lita, kisha miligramu 50 za unga. Bika ya kwanza iache hivyo hivyo. Ya pili tia mililita 0.08 za isopropanoli, inayonasa haidroksili. Ya tatu miligramu 37 za EDTA ya sodiamu, kwa ajili ya tundu. Ya nne miligramu 11 za benzokwinoni, kwa ajili ya superoksidi. Sasa pima pH ya kila bika na uzisawazishe. Usiruke hapa: EDTA hushusha pH, na pH ikishuka methilini bluu hainati vizuri kwenye unga, hivyo kasi itabadilika bila kinasa kunasa chochote.

Funika, koroga gizani dakika 30. Rangi inayonata kwenye unga inate sasa, tusije tukaihesabu kuwa imevunjwa. Chota sampuli ya kwanza, ndiyo mwanzo wako.

Washa taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Chota mililita 3 kila baada ya dakika 10 hadi saa itimie, zungusha kwenye sentrifuji mpaka unga ukae chini kama kipande cha chokaa, halafu soma maji ya juu kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga uliofyonzwa, kwa nanomita 664. Mimi sipendi kuchuja, maana vichujio vingine hubaki na rangi. Gawanya usomaji wa mwanzo kwa kila usomaji, chukua logi asilia, chora dhidi ya muda. Mwinamo wa mstari ndiyo kasi yako.

Tuseme kasi ya bika ya nne imeshuka kabisa. Je, superoksidi ndiyo mhusika? Ngoja kwanza. Benzokwinoni yenyewe hufyonza urujuanimno, kwa hiyo inauwekea unga kivuli. Tena huidaka elektroni moja kwa moja, na haidroksili pia huishambulia. Kwa hiyo rudia kila kinasa na rangi chini ya taa bila unga, uone kinafanya nini kikiwa peke yake. Ukiweza, jaribu pia benzokwinoni kidogo zaidi, uone kama kasi inafuata kipimo.

Sasa sogea karibu na kamera, hili lilinigharimu wiki nzima nilipoanza. Bomba hili lina rangi, unga na EDTA. Nimepitisha nitrojeni kufukuza oksijeni, nikaziba kwa mpira, nikaliweka chini ya taa. Angalia: bluu imekwisha, limebaki jeupe kama maziwa. Ungesema rangi imeteketea. Nafungua kizibo, natikisa... unaona? Bluu inarudi. Haikuvunjwa, ilipokea elektroni tu ikapoteza rangi, na oksijeni ikairudisha. Ndiyo maana sampuli zako zitikise na hewa kabla ya kusoma, na kama chuo chako kina mashine ya kupima jumla ya kaboni, peleka sampuli ya mwisho huko. Kaboni isiposhuka, molekuli bado zimo majini hata kama macho hayazioni.

Fanya kila bika mara tatu. Ukimaliza, kila kitu, pamoja na unga, kiingie kwenye chupa ya taka yenye lebo. Usimwage kwenye sinki hata tone: benzokwinoni inaua samaki.